Mwanangu wa Miaka 9 Alitazama Filamu ya Mazombi, na Sasa Anaogopa Hata Kunguru

*"Mtaalamu, salaam. Nina mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka 9. Wiki 3 zilizopita alilala kwa shangazi yake, na binamu yake wa miaka 16 akamwonyesha Resident Evil: Extinction usiku, mwanzo hadi mwisho. Tangu siku hiyo huamka saa kumi alfajiri akilia, na hunisimulia ndoto ileile ya kunguru wanaovunja vioo vya basi. Mchana akimwona kunguru hataki kutoka nje. Juzi baba yake alijikata kidole kwa kisu. Mtoto akawa anataka kukiona kidonda kila baada ya dakika chache, kisha akaninong'oneza akiuliza kama baba 'atageuka'. Nimemwambia mara nyingi kwamba yale ni mambo ya kuigiza tu, lakini haisaidii. Baba yake anasema dawa ya moto ni moto, na anataka kumnunulia gemu yenyewe ili azoee. Mtoto naye anaomba aonyeshwe filamu inayofuata ili ajue kama yule msichana aliyeondoka na helikopta alifika salama. Je, ubongo wake umeathirika? Nifanye nini?"*

Mama, nianze na lile linalokusumbua zaidi. Hakuna dalili katika maelezo yako kwamba ubongo wa mwanao umedhurika. Unafanya kazi ambayo ubongo wa mtoto hupaswa kuifanya unapoona hatari: umeikariri, umeiwekea alama, na sasa unamwonya kila anapokutana na kitu kinachofanana nayo. Shida ni kwamba hatari yenyewe ilitoka kwenye skrini. Wiki 3 ni muda mrefu kwa mama anayeamshwa kila alfajiri, lakini hofu ya namna hii bado inaweza kushughulikiwa nyumbani, mradi ishughulikiwe kwa njia inayoipunguza na si kwa njia inayoilisha. Baadhi ya mambo ambayo wewe na baba mnayafanya kwa upendo yanailisha bila ninyi kujua.

Kwanza tukubaliane kuhusu kile alichokiona, maana wazazi wengi hukadiria filamu hizi kwa jalada lake. Resident Evil: Extinction ilitoka mwaka 2007, ikiongozwa na Russell Mulcahy na kuandikwa na Paul W. S. Anderson, na ni ya tatu katika mfululizo uliotokana na gemu ambayo kampuni ya Capcom iliitoa mwaka 1996. Nchini Marekani ilipewa daraja la R, yaani mwenye umri wa chini ya miaka 17 haruhusiwi kuingia ukumbini bila mzazi au mlezi. Mwanao ana karibu nusu ya umri huo. Tena ni filamu ya mwendelezo: haimpi mtazamaji muda wa kuujua ulimwengu wake kabla haujaanguka. Inamkuta mtoto asiyejua lolote, inamwambia kwamba virusi vimeshaimaliza dunia na kukausha mito na maziwa, kisha inamwacha jangwani pamoja na msafara wa watu wachache wanaokimbia. Katika dakika za mwanzo kabisa mhusika mkuu, Alice, anakufa, na maiti yake inatupwa shimoni penye maiti nyingine nyingi zinazofanana naye. Mtu mzima anaelewa upesi kwamba ni nakala zilizotengenezwa maabara. Mtoto wa miaka 9 anaona kwamba hata shujaa hana usalama.

Umenieleza mambo matatu yanayomsumbua, na ninafurahi kwamba umeyasikiliza kwa makini kiasi hicho, kwa sababu hayafanani na kila moja lina tiba yake. Kunguru ni hofu ya kitu kilichoonekana. Kidole cha baba ni hofu ya jambo linaloweza kutokea. Msichana wa helikopta ni hadithi iliyokatishwa. Mzazi anayejibu yote matatu kwa sentensi moja, "ni filamu tu", huwa amejibu swali ambalo mtoto hakuliuliza.

Nifafanue kwa nini sentensi hiyo haifui dafu, ingawa ni ya kweli. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala ambayo kazi yake ni kutambua tishio haraka na kuuandaa mwili: moyo unapiga kwa kasi, misuli inakaza, pumzi inakuwa fupi. Sehemu hiyo haisubiri maelezo. Sehemu nyingine, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopima na kusema kwamba yule ni mwigizaji aliyepakwa rangi, na sehemu hii huendelea kukomaa hadi mtu anapovuka miaka 20. Kwa hiyo mwanao anaweza kujua kwa dhati kwamba filamu si ya kweli na wakati huohuo mwili wake ukatetemeka. Hadanganyi anaposema anajua, wala hadanganyi anaposema anaogopa. Ukimrudia tena na tena kwamba si kweli, unamwongezea mzigo wa pili, nao ni aibu ya kuogopa kitu ambacho mama amesema hakipo.

Umri nao una neno lake. Mtafiti Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambaye alitumia miaka mingi kuchunguza hofu za watoto zitokanazo na televisheni na sinema, alionyesha pamoja na wenzake kwamba watoto wadogo sana huogopa zaidi sura ya kutisha, hata kama mwenye sura hiyo ni mwema, ilhali kadiri mtoto anavyokua anaanza kuogopa zaidi mambo yanayowezekana. Mwanao yuko mahali ambapo hofu zote mbili zinakutana. Ndiyo maana anaota ndege na anachunguza kidonda. Katika utafiti wa mwaka 1999 ambao Cantor aliufanya pamoja na Kristen Harrison kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, takriban asilimia 90 walikumbuka filamu au kipindi kilichowatisha walipokuwa wadogo, na karibu robo yao walisema athari fulani ilikuwa bado ipo. Sikutajii hayo kukutia wasiwasi. Nataka baba yake aone kwamba mtoto huyu si mwoga kuliko wenzake, na kwamba kungoja tu akue si mpango wa kutosha.

Sasa tuje kwenye kidonda. Katika filamu ile kuna mhusika aitwaye L.J. ambaye anaumwa na zombi, anawaficha wenzake, anaendelea kusafiri nao, kisha anageuka katikati ya mapambano na kumshambulia rafiki yake. Kwa maoni yangu tukio hilo humwumiza mtoto kuliko damu yote iliyomo, kwa sababu linamfundisha kwamba mtu unayemwamini anaweza kuwa adui bila kukuambia. Mtoto aliyeliona anapomtazama baba aliyejikata hamwogopi baba, anaogopa kumpoteza. Basi mjibuni kwa ukweli na ukamilifu, mara moja, mkiwa mmekaa wote watatu. Mwambieni kwamba virusi haviwezi kumwinua maiti, na mwelezeni sababu, kwa kuwa mtoto wa umri wake anaiweza sababu. Virusi havina uwezo wa kujitengenezea nguvu wala kuzaliana vyenyewe. Vinahitaji seli iliyo hai ili vitumie mitambo yake. Mtu akifa, seli zake huacha kutengeneza nguvu, misuli hukakamaa na baadaye huoza, na virusi vilivyomo havina tena pa kufanyia kazi. Vilevile, virusi huchagua aina ya seli vinazoweza kuingia. Virusi vinavyoshambulia seli za binadamu haviwezi kukausha misitu na maziwa kama hadithi ile inavyodai.

Binamu yake, kwa umri alio nao, huenda akamletea habari za kichaa cha mbwa au za kuvu wanaotawala sisimizi, na ni afadhali mtoto azisikie kwenu kwanza. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kweli. Virusi vyake huingia kwa kung'atwa na mnyama mgonjwa, husafiri taratibu kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na huweza kumfanya mgonjwa awe na fadhaa na ukali. Lakini hakuna mtu aliyekufa kwa ugonjwa huo akasimama tena, na kuambukizana kati ya mtu na mtu karibu hakupo. Chanjo ya kwanza kwa binadamu ilitolewa na Louis Pasteur mwaka 1885, na hadi leo mtu aliyeng'atwa akiosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, akaenda hospitali mara moja na kukamilisha chanjo, huokoka. Tazama jinsi habari hii inavyotofautiana na filamu: huku kung'atwa ni jambo la kusema upesi ili upone, kule ni jambo la kuficha. Tofauti hiyo inafaa kumwambia mtoto kwa maneno hayohayo. Kuhusu kuvu wa sisimizi, wapo kweli, ila kila aina imezoea wadudu wake kwa muda mrefu mno, na sisimizi huyo huwa hai wakati anapoongozwa.

Mkishamjibu hivyo, msirudie kila anapouliza. Hapa ndipo wazazi wengi wema hukosea. Kila akitazama kidonda na kupata nafuu ya dakika tatu, ubongo wake unajifunza kwamba nafuu hupatikana kwa kukagua, na atataka kukagua zaidi. Wekeni utaratibu: kidole kitatazamwa asubuhi na jioni, baba mwenyewe akionyesha jinsi ngozi inavyojiunga. Akiuliza katikati, mwambie kwa upole, "Swali hilo tulilijibu, na jioni tutakitazama." Siku za kwanza atalalamika. Usikasirike, wala usilegeze.

Kuhusu rai ya baba, napenda nimjibu kwa heshima, kwa sababu ndani yake kuna nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba hofu haiondoki kwa kukimbiwa. Kila mwanao anapomwona kunguru na kurudi ndani, moyo wake unatulia, na utulivu huo unamthibitishia kwamba ameponea chupuchupu. Lazima aikaribie hofu yake. Lakini kuikaribia ni tofauti na kutupwa ndani yake. Kumpa gemu ambayo nayo imewekewa umri wa miaka 17 na kuendelea, iliyoundwa na watu hodari kwa kusudi la kumshtua mchezaji nyuma ya kila mlango, ni kumrudisha mahali alipoumia bila kumpa kitu kipya cha kujifunza. Akishtuka tena, na atashtuka, hofu itapata ushahidi mwingine. Hata hoja ya kwamba atamkuta shujaa wake huko haisimami, kwa kuwa Alice alibuniwa kwa ajili ya filamu na hayumo katika gemu zile. Msinunue.

Njia inayofaa ni ngazi, na kila hatua inarudiwa mpaka imchoshe ndipo mpande nyingine. Mwanzo, achore kunguru mwenyewe, tena amchore vyovyote anavyotaka. Kisha mtazame pamoja picha za kunguru halisi, mkisoma kuhusu maisha yao: ni ndege wenye akili nyingi ambao wanaweza kukumbuka sura za watu, hula mabaki, huwahofia binadamu kuliko binadamu anavyowahofia, na wakimrukia mtu kwa kawaida ni kwa sababu wana kiota karibu na makinda ya kulinda. Baada ya hapo asikilize sauti yao, halafu awatazame kupitia dirishani, halafu mlango ukiwa wazi, halafu nje akiwa ameshika mkono wako, na mwishowe bila mkono. Katika kila hatua mwombe ataje hofu yake kwa namba kutoka 0 hadi 10, na mbaki hapo mpaka namba ishuke angalau kwa nusu. Kushuka huko, akiwa bado anamwona kunguru, ndiko kunakomponya. Ukimwondoa namba ikiwa juu, mmefanya mazoezi ya kukimbia. Baba awe naye katika hatua za nje, kwani alitaka kumfundisha ushujaa, na hapa pana nafasi halali ya kufanya hivyo.

Pamoja na ngazi hiyo, mwonyeshe jinsi filamu zinavyotengenezwa. Zipo video nyingi za wasanii wa vipodozi wanaombadilisha mtu wa kawaida kuwa zombi kwa mpira, rangi na gundi kwa muda wa saa kadhaa. Chagua isiyo na vipande vya kutisha na uitazame wewe kwanza. Mwambie kwamba jangwa la Nevada aliloliona lilipigwa picha nchini Mexico, kwamba mji wa Las Vegas uliofukiwa na mchanga haujafukiwa, na kwamba kundi lile la kunguru lilichorwa kwa kompyuta. Kwa umri wake maelezo haya yana uzito ambao kwa mtoto wa miaka 4 yasingekuwa nao. Hayatoshi peke yake, lakini yanampa kitu cha kushika anapopanda ngazi.

Ndoto sasa. Saa anayoamka inanisaidia kuelewa. Usingizi ambao tunaota sana huongezeka katika nusu ya pili ya usiku, na mtoto aliyetoka kwenye ndoto mbaya huamka kabisa, hukutambua na husimulia alichoota. Hilo ndilo unaloliona. Kuna hali nyingine, ambapo mtoto hupiga kelele saa chache tu baada ya kulala, macho yakiwa wazi, hasikii anapoitwa, na asubuhi hakumbuki chochote. Ingekuwa hivyo ningekushauri usimwamshe, umlinde tu asijiumize. Mwanao akiamka, mkumbatie, mwambie yuko chumbani kwake na wewe upo, msubiri apumue, kisha arudi kulala kitandani kwake. Usiichambue ndoto wakati huo wa usiku.

Ndoto ichambuliwe mchana. Mwombe aisimulie, kisha abadilishe mwisho wake kwa namna yoyote itakayomridhisha: vioo vya basi visivunjike, kunguru wageuke vipande vya karatasi, dereva awe baba. Mwisho uwe wake, usimchagulie. Auchore au auigize, kisha aufikirie kwa dakika 10 hivi kila siku kwa wiki moja au mbili, ila si kitandani. Mbinu hii imechunguzwa zaidi kwa watu wazima wenye ndoto zinazojirudia, na hutumika pia kwa watoto. Haina madhara ninayoweza kukuonya, isipokuwa kama mtoto anafadhaika zaidi kila anaposimulia, na hapo mwache apumzike.

Bado kuna yule msichana. Mwanao ameshikwa na K-Mart, binti aliyepewa jina la duka alimokutwa, na hilo linanigusa, kwani katika filamu iliyojaa silaha amechagua kumjali mtoto mwenzake. Hadithi iliishia helikopta ikiruka, naye amebaki angani pamoja nao kwa wiki 3. Usimwonyeshe filamu inayofuata, Resident Evil: Afterlife ya mwaka 2010, ambayo nayo si ya umri wake. Msimulie kwa mdomo. Mwambie kwamba msafara haukufika mahali pa salama kama ulivyotarajia, maana kile walichokitafuta kilikuwa meli iliyotekwa na kampuni ovu, lakini Alice na wenzake walifika kwenye meli hiyo na kumkuta msichana yule akiwa hai, wakamwachia huru. Ukiona anataka zaidi, ruka hadi mwisho wa mfululizo, filamu ya mwaka 2016, ambamo Alice anaachilia dawa inayosambaa hewani na kuwaangamiza wote walioambukizwa. Msimulizi ni wewe, kwa hiyo kasi ni yako, sauti ni yako, na akinyoosha mkono kukusimamisha unasimama. Skrini haikumpa uwezo huo.

Je, umpige marufuku filamu zote za kutisha? Kwa sasa, mpaka alale vizuri kwa wiki kadhaa mfululizo, ndiyo, na televisheni izimwe angalau saa moja kabla ya kulala. Baadaye, sidhani. Watoto hufurahia hofu ndogo wanayoiweza, na hujifunza kutokana nayo. Binamu naye asigombezwe mbele ya mtoto; mzungumzeni faragha, mkubaliane na shangazi kuhusu kinachotazamwa, na akiwa tayari mpeni kazi ya kuchora na mdogo wake ule mwisho mpya wa ndoto.

Umesikia huenda kwamba mtoto akitishwa na filamu hupata ugonjwa wa kiwewe. Mwongozo wa uchunguzi wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la mwaka 2013, hauhesabu filamu aliyoitazama mtu kwa burudani kuwa tukio la kusababisha ugonjwa huo. Hata hivyo, filamu inaweza kufungua jeraha lililokuwepo. Ikiwa mwanao aliwahi kushuhudia ajali, msiba wa ghafla, ukatili au kushambuliwa na mnyama, usisubiri: mpeleke kwa mwanasaikolojia wa watoto. Mpeleke pia ikiwa baada ya wiki 4 za kufuata niliyoyaeleza hakuna nafuu, akikataa shule, akianza tena kukojoa kitandani, akiacha kula au kucheza, ukaguzi ukienea kutoka kidole cha baba hadi mambo mengine kama kunawa mikono bila kikomo, au akizungumzia kufa au kujidhuru. Hili la mwisho ni la siku hiyohiyo. Akikakamaa, akitikisika kwa mpigo mmoja unaojirudia au akikoroma na kukatika pumzi usingizini, muone daktari wa watoto kwanza, kwa sababu hayo huenda hayahusiani na filamu.

Kuanzia leo weka daftari karibu na kitanda chako. Andika saa aliyolala, saa aliyoamka, alichoota kwa sentensi moja, na namba ya hofu aliyoitaja mchana. Mkilazimika kwenda kumwona mtaalamu, mpe daftari hilo mwanzoni kabisa mwa mazungumzo, na mwache mtoto mwenyewe amsimulie habari za kunguru.